Koja Nililolifumua

Malindi, Shela
Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Rukia,

Barua huanza kwa salamu, lakini asubuhi tumesalimiana, umekunywa chai yangu na kulalamika kuwa tangawizi imezidi, kwa hivyo salamu tuziache. Sasa uko Gede kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana shangazi yako hamwachi mtu atoke kwake hajala mara mbili. Nina muda wa kutosha. Mwandiko wangu ni ule wa darasa la gumbaru, usiucheke. Mwalimu alisema unasomeka.

Sitakuandikia habari za kuvaa sweta huko Nairobi, wala za kulitia kufuli sanduku kwenye gari moshi. Hayo umeyasikia mpaka yamekuchosha. Nakuandikia jambo moja nililoshindwa kukwambia kwa mdomo kwa miaka minane. Nimejaribu. Juzi ulipokuwa ukipiga pasi nilikuja nikasimama karibu yako nikiwa nimekwisha kuyapanga maneno, na nikaishia kukuuliza kama makaa yanatosha.

Ile barua ya chuo cha hoteli ilipofika na orodha yake ya vitu, uliisoma kwa sauti hapa ukumbini. Viatu vyeusi vya kufunga, aproni mbili nyeupe, mkasi wa maua. Ulipofika kwenye mkasi ulicheka. Ukasema, "Hayo mengine nitayaweza, mama, lakini hilo la kupanga maua watanifelisha. Mimi mkono wa maua sina, Malindi nzima yajua." Nikacheka nawe. Ndivyo nilivyo, nikikosa la kusema hucheka.

Mkono unao. Waliosema huna walisema kwa sababu ya koja la asmini la harusi ya Zuhura, na koja lililovaliwa siku ile hukulitunga wewe. Nililitunga mimi. Lako nililifumua.

Nimeandika hayo nikaenda kunywa maji. Sasa nimerudi.

Nianze nyuma kidogo, si kwa kujitetea. Mimi nilifunzwa kutunga na nyanyako, mamangu mimi, na nyanyako hakuwa mtu wa maneno. Alinionyesha mara moja tu. Asmini huchumwa baada ya alasiri ingali imefumba, hulazwa kwenye kitambaa kibichi, na sindano hupitishwa kwenye kile kikombe chake cha kijani, si kwenye ua lenyewe. Uzi ni mweupe, umekunjwa mara mbili. Ua moja latazama kulia, la pili kushoto, na ukifika katikati unatia waridi na majani ya rehani kando yake. Basi. Siku yangu ya kwanza niliona mimi ni mjanja: nikachuma asubuhi, zimefunguka, kwa kuwa zilinukia zaidi. Nilikuwa na miaka tisa. Kufika jioni zilikuwa zimepiga rangi ya chai. Nyanyako hakunipiga. Alinivisha koja lile mbele ya wageni akaniambia nisilivue mpaka nilale.

Tangu siku ile sikukosea tena wakati wa kuchuma. Lakini pia tangu siku ile nilimwogopa mamangu, na nadhani yeye aliona hiyo ni adabu. Nilipozaa nilijiapiza sitafunza hivyo. Utaona nilivyofunza.

Kitu cha mwisho alichonipa ni kubana. Maua yashikane, uzi usionekane hata kidogo. "Koja lenye mianya ni kinywa cha kibogoyo," alikuwa akisema. Nikabana miaka ishirini. Shela yote, harusi ikitajwa, nilitajwa mimi. Babako aliwashonea watu kanzu, nami niliwatungia bibi arusi makoja yao, na wanawake walinisimamisha njiani kunambia fulani alipendeza. Sikuwa na kingine cha kutajiwa. Sikusoma, sikuwa na sauti ya kuimba, na mapishi yangu wayajua.

Babako alipofariki ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, na shangazi yako Mwanaisha, dada yake babako, akahamia kwetu kuniangalia. Kwetu sisi mjane aliye katika eda hajitii manukato, na asmini tumeihesabu pamoja na udi na marashi. Shangazi yako aliliondoa hata lile kopo la rehani lililokuwa dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefiwa na kaka yake, na njia aliyoijua ya kumlilia ilikuwa kuhakikisha mkewe anatimiza kila sharti.

Mwezi wa tatu wa eda ikafika harusi ya Zuhura, binti wa jirani. Koja nilikuwa nimemwahidi mamake tangu siku ya posa. Akatuma mtu kusema nisijali, si kitu, watatafuta mtungaji mwingine. Lile "si kitu" liliniuma kuliko nilivyoonyesha. Nikajibu kuwa Rukia atatunga, mimi nitamwelekeza. Shangazi yako alifikiri sana, akakubali kwa sharti kwamba maua yasivuke pazia la chumba changu.

Wewe wakumbuka. Ulikaa chini ukumbini, mgongo kwenye kizingiti, sinia la asmini mapajani, nami nikakaa ndani nyuma ya pazia. Nilikuwa nafunza kazi ya vidole kwa mdomo.

"Kitambaa umekilowesha?"

"Nimekilowesha."

"Kikamue. Maji yakituama ua laoza. Sindano yapita wapi?"

"Kwenye kikombe."

"Ehe. Moja yatazama kulia, moja kushoto. Sasa bana. Isukume kwa kidole mpaka ishike mwenziwe."

Kisha ukasema, "Mama, nikizibana hivi, zikifunguka zitakwenda wapi?"

"Bana, Rukia."

"Haya, mama."

Hukubana. Nilijua hukubana kwa sababu ulipomaliza ulinambia, "Mama, zimebaki kiganja kizima," na kwa urefu wa koja lile hazikupasa kubaki hata mbili. Sikukuuliza. Nikakwambia ulilaze kwenye beseni na kulifunika.

Adhana ya magharibi ilipolia shangazi yako akaswali, akaenda nyumba ya harusi kusaidia kupakua. Wewe ukaoga, ukaenda kwa jirani mwingine kusukwa nywele. Nyumba ikabaki yangu peke yangu. Niliswali, nikakaa kidogo kwenye mkeka, kisha nikatoka nje ya pazia.

Nilijiambia nakwenda kulitazama tu, na palipolegea nipakaze. Nikafunua kitambaa. Asmini zilikuwa zimeanza kufumbua, na kila moja ilikuwa na pahali pake pa kufumbulia. Ile mianya yako ilikuwa imejaa yenyewe. Uzi hauonekani. Hakuna ua lililomkanyaga mwenziwe. Miaka ishirini, mwanangu, na koja langu halijakaa vile hata siku moja.

Hapa nataka nieleweke, kwa kuwa hapa ndipo nilipokudhulumu. Ungeweza kudhani nililifumua kwa sababu niliona lina kasoro, nikataka kukusaidia usiaibike. Mimi mwenyewe nilijidanganya hivyo kwa muda mrefu. Si kweli. Nililiona ni zuri tangu nilipolifunua. Nilikuwa mjane wa chumbani, mume hayuko, na kile kimoja nilichobaki nacho mtoto wa miaka kumi na miwili amekishika kwa mara ya kwanza akanipita. Nilikuonea wivu. Wivu, na wewe ni mwanangu. Nikaukata uzi mwishoni, nikazimwaga zote kwenye sinia, nikatunga upya kwa mkono wangu. Nikaongeza zile za kiganja kizima. Nikabana.

Na nilifurahi. Hilo nalo niliandike. Zaidi ya miezi miwili sikuwa nimeshika ua, na vidole vilienda vyenyewe, na kwa muda wa saa nzima sikuwa mjane wa mtu. Nilipomaliza nikalifunika kama ulivyokuwa umelifunika, nikarudi nyuma ya pazia kabla hujaingia kulichukua.

Ua likisha kuanza kufumbua halisukumwi. Mtungaji yeyote ajua hivyo. Saa mbili hazikupita lilikuwa limechubuka na kupiga rangi shingoni mwa Zuhura, na mama mmoja akasema mbele ya ukumbi mzima wa wanawake kwamba mtoto huyu mkono wake wa moto, maua hayautaki. Wakalivua. Ulirudi unalia, ukanambia pale pale penye pazia: "Mama, nilipolifunua kule lilikuwa limejibana. Mimi sikulitunga vile."

Nikakwambia, "Kitambaa kilikuwa kizito. Ulikilowesha mno."

Uliamini. Ulikuwa bado kwenye umri wa kuniamini.

Asubuhi shangazi yako akaniletea chai. Alipoinama kuiweka akasita. "Mbona leso yako yanuka asmini, wifi?" Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na bakuli la mbaazi. Ulinitazama mara moja tu, kisha ukasema, "Ni mimi, shangazi. Nilimpelekea sinia alikague."

"Wewe mtoto hukufundwa? Mamako yu katika eda, wamvukishia maua pazia? Nilisema nini mimi?" Akakuvuta sikio mpaka ukasimama kwa vidole vya miguu.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Niliendelea kunywa.

Wewe ulidhani nilitoka kunusa tu, kwa hamu, ukaona ni jambo dogo la kumsitiri mamako. Au labda ulijua zaidi. Sijawahi kukuuliza na hata leo sikuulizi. Ninachojua ni kwamba ulichukua lawama mbili zangu kwa usiku mmoja na asubuhi yake, ya koja na ya leso, nami nikakuachia zote. Harusi ya mdogo wake Zuhura ilipofika ukasema kichwa chauma. Ya baada yake ukasema una mtihani. Watu wakanishauri nikulazimishe, nikawajibu, "Mwacheni, kila mtu na mkono wake." Nilisema hivyo kwa sauti ya upole sana, kama mama mwenye subira.

Eda ilipokwisha sikutunga tena koja la harusi. Watu walisema ni huzuni ya babako, nami nikawaacha waseme. Hoteli nazo miaka hii ya themanini zimeota ufuoni kama uyoga, nikapata kazi ya kupanga maua ya mezani kwenye mojawapo. Hili hujui pia: siku yangu ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilipewa chombo cha kioo na rundo la maua, nikayasokomeza yote mpaka chombo kikakaribia kupinduka. Msimamizi alikuwa mama wa Kijerumani, mrefu, hana mzaha. Alikuja, akatoa maua nusu nzima akayaweka kando, akarudi nyuma hatua tatu akatazama. Kisha akanambia, "Mama, maua nataka pumua."

Nikamwambia, "Mwanangu alinambia hivyo hivyo, nikamfanyia ubaya."

Akatikisa kichwa, akaniletea maua mengine. Hakuelewa hata neno. Lakini yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemtamkia.

Chuo kitakufunza kwa wiki moja nilichojifunza pale kwa mwaka. Kikonyo hukatwa mshazari, tena ndani ya maji ukiweza, kinywe vizuri. Jani lolote litakalozama ling'olewe, la sivyo maji yanavunda kesho yake. Ua la kati liwe refu kupita chombo chenyewe, mara moja na nusu hivi, na mengine yashuke kutoka hapo. Idadi iwe witiri, matatu au matano au saba, maana yakiwa mawili mawili yanakaa kama walinzi wa mlangoni. Msanapichi, ule wa majani mekundu kileleni, hutoka utomvu, basi washa mshumaa uchome ncha ya kikonyo. Haibiskasi, lile ua pana la bustani za hoteli, ndiyo iliyonivunja nguvu. Ile hufumba jioni, lakini ukiichuma asubuhi imefunguka ukaitia kwenye friji, jioni waitoa nayo ingali wazi, yakaa mezani bila hata maji. Miaka yote nimeamini ua lililokwisha kufunguka halina kazi jioni. Kumbe nilikuwa naijua asmini tu, na nikadhani naijua dunia.

Hayo ni ya mikono, mikono itayashika. Nililolipata kwa shida ni jingine, na nakupa kama lilivyo. Usikubali kuwa mtu wa kutajiwa kitu kimoja. Mimi nilikuwa hivyo, na siku kile kimoja kilipoguswa nilimng'ata mwanangu. Uwe na marafiki wasiojua kazi yako. Uwe na jambo unalolifanya vibaya na unalifanya hivyo hivyo, kama mimi na sambusa.

Na siku moja atakuja chini yako mtu mdogo, akashika kazi yako akaifanya vizuri kuliko wewe. Atakuja, wala usidhani hatakuja. Itakuuma. Watu wema watakwambia mwema haumwi, na hao hawajapitwa bado. Wewe siku hiyo toka nje. Nenda kanawe uso, nenda hata chooni, mradi mikono yako isibaki chumba kimoja na kazi ya yule mtu. Maumivu hayana dhambi. Dhambi yangu ilianza nilipofunua beseni nikiwa peke yangu.

Jumatatu nilikwambia nakwenda kumtazama mgonjwa. Nilikwenda Gede, kwa shangazi yako. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikamweleza yote, tangu pazia mpaka kikombe cha chai, naye akaendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

"Miaka yote hii?" akauliza.

"Yote."

"Na sikio nililolivuta lilikuwa la nani?"

"La Rukia."

Akauweka ungo chini. Nilidhani atanitukana kwa ajili ya eda ya kaka yake, na angekuwa na haki. Akasema, "Mwambie aje kuniaga Alhamisi, aje peke yake. La sikio nitamtaka radhi mimi mwenyewe, maana mkono ulikuwa wangu. Hayo mengine ni yako, wifi. Sikubebei."

Ndiyo maana leo sikufuatana nawe. Huenda wakati huu ninapoandika umekaa mbele ya sahani ya wali, na mwanamke mwenye umri wa miaka sitini na kitu anakuomba msamaha kwa jambo ulilokwisha kulisahau, au ulilodhani umelisahau. Kama amekueleza kidogo tu, hii ndiyo barua yenye sehemu iliyobaki.

Jua limeanza kushuka, na hapa uani asmini zangu bado sijazichuma. Ziache, leo sizichumi.

Kesho kabla ya basi la Mombasa utanijia kama ilivyo desturi yetu. Utainama, utanishika mikono, utasema mama nakwenda, niwie radhi, nami nitatakiwa kusema nimekuwia, nenda, Mungu akutangulie. Radhi hiyo umeipata tangu sasa. Imeandikwa hapa, hata usipoinama, hata ukipanda basi bila kunitazama. Sitaki iwe kitu cha kubadilishana.

Lakini yangu mimi iko kwako, na kwako haijatoka kwa sababu sikuwahi kuiomba. Katika umri wangu wote sijaona mzazi akimwinamia mtoto kutaka radhi. Sijui husemwaje, wala mikono huwekwa wapi. Barua hii nitailaza juu ya sanduku lako. Nitakuwa uani, na kiti cha pili nitakiweka. Usome mpaka mwisho, usiharakishe, kisha uje au usije.

Mwanangu, mimi ndiye niliyekosa. Niwie radhi.

Mamako